Asubuhi Gari la Baba Lilipokataa Kuwaka

Wiki iliyopita tulimzika baba mdogo kule Chamazi, na mpaka hivi ninavyokuandikia nina hasira. Watu walijaa, maturubai yakafungwa mpaka barabarani, na kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, mkweli, asiyejua kumdhulumu mtu. Mie nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, khanga nimejitanda mpaka usoni, wakadhani nalia. Nilikuwa nimeuma meno. Halafu mjukuu wake mmoja, kijana mzuri tu ambaye hana kosa lolote, akasimama akasema babu yake alipenda magari tangu ujana wake. Hapo nikainuka. Nikawaambia natafuta maji ya kunywa, nikaenda kusimama peke yangu nyuma ya nyumba, maana ningebaki pale ningesema mambo yasiyosemwa msibani.

Basi nitakuambia wewe.

Sie tulikulia Temeke, miaka ya hamsini, Mwingereza bado ndiye mwenye nchi. Temeke ile usiifananishe na hii. Barabara yetu ilikuwa mchanga mtupu, jua likiwaka unachoma nyayo, mvua ikinyesha vyura wanaingia mpaka sebuleni. Nyumba zilikuwa za udongo na miti, chache zimepakwa chokaa, paa la makuti au la madebe yaliyopasuliwa yakanyooshwa kwa nyundo. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na mambo matatu: adhana, mama akipiga mwiko kwenye kikaango cha vitumbua, na baba akizungusha hendeli, kile chuma cha kuwashia gari lake.

Naam, baba alikuwa na gari. Mtaa mzima ni yeye peke yake. Alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa mkonge, na yule Mzungu aliporudi kwao, baba akalinunua lile gari kwa akiba yake yote ya miaka. Gari kuukuu, rangi ya chai ya maziwa, viti vimechanika, mlango mmoja unafungwa kwa kamba ya katani. Baba akalifanya teksi. Alikuwa anapeleka watu mjini na kuwarudisha, na Ijumaa hakuwa anamtoza mtu mzee anayekwenda msikitini. Gereji zilikuwa mjini, zinataka pesa nyingi, kwa hiyo lile gari lilitibiwa uwanjani kwetu, chini ya muarobaini, kwenye jamvi lililoloa oili mpaka likawa gumu kama ubao.

Na mie ndiye niliyekuwa mwenzake. Sijui kwa nini alinichagua mie, mtoto wa kike. Labda kwa sababu nilikuwa naamka mapema. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita kwa jina hata siku moja, alikuwa ananiita mama. "Mama, njoo usikilize." Naacha ufagio, nakwenda.

Alinifundisha kwa masikio, pua na vidole. Moshi mweusi, alisema, gari linakula mafuta kuliko linavyoweza kusaga, angalia kabureta. Moshi wa buluu, linaunguza oili, pete za pistoni zimechoka. Ukifungua rejeta ukakuta utando wa mafuta juu ya maji, usiwashe tena, gasketi imekwenda. Likiwaka likazima, likawaka likazima, kuna uchafu unatembea kwenye bomba la petroli. Na kabla hujashika spana yoyote, tulia kwanza, sikiliza.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuangalia cheche. Baba alikuwa anachomoa plagi, anairudisha kwenye waya wake, anailaza juu ya chuma cha injini, halafu anakwenda mbele kuzungusha hendeli. Mie nachuchumaa, macho nimeyatoa.

"Ipo?"

"Ipo, baba."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Basi moto upo. Twende tukatafute kwenye mafuta."

Hebu fikiria raha ya kuwa na miaka kumi na mtu mzima anakuuliza jambo, na jibu lako analifanyia kazi. Sijawahi kuipata tena raha ile, hata nilipokuwa mtu mzima na kazi yangu na nyumba yangu. Ndiyo maana yaliyofuata yananiuma mpaka leo.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa anakaa mwalimu, mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mpole, mwenye baiskeli. Mke wake sisi watoto tulimwita mama mwalimu ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa anapika ndizi kwa nyama mpaka harufu inatufuata hadi bombani, na mie alikuwa ananifunulia sufuria niangalie, kisha ananipa kijiko. Mimba zake mbili zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ilipokua, tumbo likaonekana, akawa anatembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani, na mtaa mzima, Waislamu kwa Wakristo, tukawa tunatembea polepole pamoja naye. Hospitali walimwambia asijaribu kuzalia nyumbani. Uchungu ukianza tu, aje.

Mwalimu akaja kwetu jioni moja kuzungumza na baba. Baba akamkatiza kabla hajamaliza. "Mwalimu, gari lipo. Saa yoyote. Wewe niite tu." Wakashikana mikono. Mama mwalimu tangu siku ile akawa analala usingizi, alimwambia mama hivyo.

Sasa nije kwa baba mdogo. Alikuwa mdogo wa baba wa mwisho, kijana wa miaka ishirini na kitu, anakaa chumba cha uani, hana kazi anayokaa nayo. Kijana mtanashati. Jumamosi alikuwa anakwenda dansini Kariakoo, suruali imepigwa pasi ikawa na ncha kama kisu, na viatu vya rangi mbili. Bibi, mama yao, alimpenda kupita kiasi. Kitu kimoja tu alichokuwa anamsaidia baba ni kuosha gari kila jioni. Anajitolea mwenyewe, analisogeza nyuma ya nyumba penye kivuli, anachukua ndoo, anaimba. Baba alikuwa anafurahi. "Ameanza kutulia," alikuwa anasema.

Halafu gari likaanza kuumwa. Mwanzo lilikuwa linagonga likipanda kilima, kokokoko, kama kokoto kwenye kopo. Kisha likawa gumu kuwaka asubuhi. Likiwaka linatoa moshi mweupe unaowasha macho. Na ajabu nyingine, baba akizima swichi, injini inaendelea kujizungusha kidogo, inatikisika, ndiyo inakufa. Likishapata moto linakwenda, kwa hiyo kazi haikusimama. Baba alisafisha platini, vile vijichuma vinavyokata moto, kwa msasa. Akasogeza majira ya moto wa plagi mbele, akayarudisha nyuma. Akafungua kabureta, tukaipangua yote kwenye sinia la mama, tukaipuliza kila tundu. Haikusaidia kitu. "Mama," akaniambia, "hapa kuna kitu kinanichezea." Baba mdogo alikuwa amekaa kizingitini anakula muwa. Alisikia. Akaendelea kutafuna muwa wake.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda, vitumbua vya kwanza viko kikaangoni. Mwalimu akaja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Hodi! Hodi jirani! Wakati umefika."

Baba akatoka na kanzu yake ya kuswalia, akaivua, akaitupa kwenye kamba. Mama na bibi wakaenda kumchukua mama mwalimu, wakamleta wamemshika huku na huku, wakamwingiza kiti cha nyuma. Alikuwa anatoka jasho lakini alinitabasamia. Baba akashika hendeli. Akazungusha. Gari kimya. Akazungusha tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kimya. Wanaume wa mtaa wakaitwa, wakasukuma, tukafika mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, gari linatoa pumzi nyeupe tu nyuma na halishiki.

Tukachomoa plagi, zote zimelowa chapachapa. Tukaangalia cheche, ipo, buluu, safi kabisa. Baba akazichukua plagi akaziweka kwenye jiko la mama, kando ya kikaango, zikapata moto mpaka huwezi kuzigusa, akazirudisha kwa kitambaa. Gari likakohoa mara moja, likatema moshi, likafa.

Akazichomoa tena. Moja akanipa niishike wakati anafuta mikono, na mie nikafanya kama alivyonifundisha. Nikainusa.

"Baba," nikasema, "inanuka koroboi."

Akainyakua. Akainusa. Akapitisha kidole, akasugua kidole kwa kidole, akangoja. Petroli hukauka mkononi papo hapo, mwenyewe ndiye aliyeniambia. Mafuta ya taa hubaki na utelezi. Vidole vyake vilibaki vinateleza. Akaenda kufungua kifuniko cha tangi, akainamisha uso, akainuka taratibu. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa miongoni mwa waliosukuma.

Walisogea upande wa gurudumu la nyuma, na mie nilikuwa nimemfuata baba, nimechuchumaa pale pale, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Iko wapi?"

"Nini, kaka?"

"Petroli yangu iko wapi?"

"Nimeuza, kaka. Kidogo kidogo tu. Jana ndiyo nilitoa nyingi, nilitaka... Nilijua nitairudisha."

Alikuwa ananyonya petroli kwa mpira jioni anapoosha gari, anawauzia wenye malori, na ili mshale wa kipimo usishuke anajazia mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi. Kwa ajili ya viatu na dansi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ndani ya gari mama mwalimu alikuwa anaguna, ameshika mkanda wa kujishikilia wa dirishani kwa mikono miwili. Mumewe amesimama pale na kikapu cha nguo za mtoto. Akauliza, "Vipi, jirani?"

Na baba yangu, mtu aliyenifundisha kutulia na kusikiliza kabla ya kugusa, akageuka akamwambia, "Plagi, mwalimu. Zimelowa tu. Tupe dakika chache."

Akamnong'oneza baba mdogo akatafute petroli, popote, akimbie. Halafu akainama kwenye injini akaanza kusugua plagi ambazo tayari zilikuwa safi. Nilimwona. Anasugua, anapuliza, anarudisha, anazungusha hendeli, anachomoa, anasugua. Alijua gari lile haliwezi kuwaka. Alikuwa anaigiza kazi ili aibu ya nyumba yetu isionekane, na muda unakwenda. Mwalimu alikuwa anamwamini. Alikuwa anamshikia kitambaa!

Nikamvuta baba shati. "Baba, mwambie." Akanisukuma kwa kiwiko, si kwa nguvu, lakini hakuwahi kunisukuma kabla.

Vitumbua viliungua. Hakuna aliyevikumbuka. Jua likawa kali. Mwishowe mwalimu mwenyewe akachoka kungoja, akapanda baiskeli mpaka kituo cha polisi penye simu. Huko wakapigia hospitali, wakaambiwa gari la wagonjwa limetoka, mleteni wenyewe. Uzunguni mtu akishikwa na homa ya mafua gari lilikuwa linapatikana. Na hilo nalo nina hasira nalo, usidhani nimelisahau. Lakini yule aliyekuwa kwenye simu hatukumjua wala hakutujua. Baba alikuwa jirani.

Ikatafutwa mikokoteni ya mahamali. Ukapatikana mmoja, ukatandikwa godoro, mama mwalimu akalazwa, wanawake wakatembea pembeni wamenyoosha khanga kumkinga jua, mie nyuma nimebeba birika la maji. Hatukufika. Karibu na Chang'ombe mama yangu akasema simamisheni. Wanaume wakatugeuzia mgongo, khanga zikafanywa ukuta pande zote, na mtoto akazaliwa pale kando ya barabara. Wa kiume. Mkubwa, mzuri, nywele nyingi. Bibi alimpiga mgongoni, akampulizia mdomoni, akamgeuza. Hakulia.

Baba mdogo alirudi na debe la petroli mchana, akakuta hakuna mtu.

Jioni bibi alituita sote ndani akafunga mlango. Akasema maneno ya nyumba hii yanaishia ndani ya nyumba hii. Akasema mtoto ni wa Mungu, angekufa tu, mbona wawili wa kwanza walikufa na hapakuwa na gari. Mama akalia. Baba mdogo akapelekwa Kisarawe kwa wajomba akae mpaka mambo yapoe. Hiyo ndiyo adhabu yake yote.  Baba alikuwa anatazama mikono yake.

Pengine ningenyamaza na mie, maana nilikuwa mtoto na bibi nilimwogopa. Lakini baada ya maziko na siku za kutulia, mwalimu akaja kwetu na mkungu wa ndizi begani. Amekuja kushukuru! Amekuja kumshukuru baba kwa kuhangaika asubuhi ile. Akaketi kwenye mkeka barazani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kama siku zote. Akasema mke wake anaendelea vizuri, ila haongei. Halafu, kwa kutafuta mazungumzo tu, akauliza, "Hivi lile gari lilikuwa na nini hasa, jirani?"

"Plagi tu, mwalimu," baba akasema. "Magari haya ya zamani, unajua tena."

Maneno yakanitoka. "Si plagi. Ni mafuta ya taa. Baba mdogo aliiba petroli akatia mafuta ya taa, na baba alijua tangu mama mwalimu yumo ndani ya gari."

Kofi la bibi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, lilinikuta sikio la kushoto, nikaanguka juu ya zile ndizi. Mwalimu hakunitazama. Alikuwa anamtazama baba.

"Ni kweli?"

Baba akaanza kukunja ukingo wa mkeka.

"Ulijua saa ile? Nimesimama pale na kikapu?"

"Nilidhani petroli itapatikana upesi," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani..."

"Ungeniambia tu, jirani," mwalimu akasema. "Ningembeba mgongoni."

Akasimama, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Ndizi hakuna aliyethubutu kuzila wala kuzitupa. Ziliiva, zikawa nyeusi, zikaoza pale pale barazani, nzi wakaja.

Hawakukaa sana baada ya hapo, mwalimu aliomba uhamisho wakarudi bara. Siku chache kabla hawajaondoka nilimkuta mama mwalimu bombani. Nilitaka kukimbia. Akaniita, akatua ndoo yake, akanishika mashavu kwa mikono iliyoloa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Mie nilikuwa nadhani ni mwili wangu ndio mbovu."

Kisha akajitwika ndoo akaenda.

Baba alijaribu. Alimwaga lile tangi, akasafisha, gari likapona kabisa. Asubuhi moja akaniita kama zamani, "Mama, njoo usikilize hapa." Nikaenda, nikasimama kando ya boneti, nikamwambia sisikii kitu. Siku nyingine akaniita tena, nikamjibu vile vile. Akaacha kuniita. Hakuwahi kunigombeza, na hilo lilinikasirisha zaidi. Baadaye akaliuza gari, akaajiriwa kuendesha lori la mtu mwingine, na mpaka anafariki tulikuwa tunasalimiana vizuri tu, tunaulizana habari za afya.

Juzi, nikitoka msibani, nilimwomba kijana anayeniendesha anipitishe Temeke. Uwanja wetu haupo, pamesimama ghorofa lenye maduka ya simu chini. Muarobaini umekatwa. Bomba la mtaa halipo, nyumba ya mwalimu haipo, ule mchanga umefunikwa lami. Hata magari yenyewe si yale. Huyu kijana gari lake likiumwa anapeleka kwa fundi, fundi anachomeka kimashine, kimashine kinamwambia kila kitu. Hakuna mtoto anayeitwa aje kunusa.

Nikatafuta makaburi alikozikwa yule mtoto. Niliuliza wazee wawili, wakaniambia hapakuwahi kuwa na makaburi ya Wakristo upande ule, mie nimechanganya. Sijachanganya. Nilikuwepo, nilishika maua. Mwalimu alichimba mwenyewe.

Wanangu wananiambia nimsamehe baba mdogo, ameshatangulia, na baba pia, ni mambo ya zamani. Huenda wako sahihi. Lakini watu wawili tu ndio waliokuwa na haki ya kuombwa radhi, na hakuna wa kwetu hata mmoja aliyepanda basi kwenda bara kuwaomba. Mtoto yule angekuwa mzee leo, anagombana na wajukuu wake kwa kelele. Basi acha wamsifu baba mdogo kwenye kipaza sauti. Mie nimebaki peke yangu niliyeona kwa macho, na hasira hii siwapi.